Mama wa Kinyala Aliyetaka Waya za Meno

Mwaka wangu wa nne Tukuyu ndipo alipokuja mtu wa kwanza kukaa kwenye kiti changu bila maumivu yoyote.

Mimi ni tabibu wa meno. Nilizaliwa Tabora, nikakulia kwenye joto na vumbi, na nilipopangiwa Rungwe nilikaa miezi ya mwanzo nikivaa sweta mbili chini ya koti jeupe. Kazi yenyewe niliizoea mapema kuliko baridi. Watu wa huku humwendea tabibu wa meno pale jino linapokuwa limewashinda kabisa. Wameshasukutua maji ya chumvi, wameshaweka karafuu, wameshalala na shavu kwenye jiwe la moto lililofungwa kitambaa. Akifika mbele yangu mtu haelezi mengi. Ananyoosha kidole kwenye jino anasema, "Ng'oa." Basi kutwa nzima ni ganzi, koleo na pamba, na mimi nilikuwa nimeridhika nayo, kwa sababu mtu aliingia analia akatoka ameshika shavu lakini amepona. Sikuwahi kuhitaji kumuuliza yeyote kwa nini amekuja.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha ile ya huku isiyo na haraka. Waliingia wawili: mama mtu mzima aliyejifunga khanga juu ya gauni la kitenge, viatu vya plastiki vimejaa udongo mwekundu, na binti wa kama miaka kumi na minne aliyevaa sare ya sekondari. Muuguzi ninayefanya naye kazi alikuwa ameshaandika jina la binti kwenye kadi. Nikampandisha binti kitini, nikawasha taa, nikamtazama. Meno ya chini yalikuwa yamebanana kidogo. Basi. Hakuna lililotoboka.

"Linalosumbua ni lipi?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema, na akamtazama yule mama.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, kiganja kimefunika mdomo. Nilidhani ana baridi.

"Siyo yeye, dakitali," alisema nyuma ya kiganja. "Huyo ni mjukuu wangu, nimekuja naye anisemee. Mwenye meno ni mimi."

"Bibi anataka waya," binti akasema haraka, kama mtu anayetua mzigo.

"Waya gani?" Kweli kabisa niliwaza waya wa senyenge. Niliwaza labda ng'ombe wameingia shambani kwake na amekosea ofisi.

"Za meno. Za kuyapanga."

Muuguzi alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mimi sikucheka, lakini sina sifa ya kujipa kwa hilo. Nilikuwa nimeduwaa tu.

Akapanda kitini. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, mkulima wa ndizi, chai na parachichi kule Kinyala, na mwimbaji wa kwaya kanisani kwake. Meno yake yote yalikuwapo, hata magego ya mwisho. Fizi zake zilikuwa safi kuliko za walimu wengi ninaowatibu. Ila meno ya mbele ya juu yalikuwa yametokeza sana, yamelala nje juu ya mdomo wa chini, hivyo midomo yake ilikuwa haikutani mpaka ailazimishe. Akiilazimisha, kidevu kilikunjana kama ganda la embe kavu.

"Yanauma?"

"Hapana."

"Yanatikisika?"

"Hapana. Nashindwa kung'ata hindi la kuchoma vizuri, ndiyo maana nimekuja."

Nikamwambia waya ni za watoto. Nilisema hivyo moja kwa moja, bila kufikiri, na hata maneno hayajaisha kutoka nilijua si kweli. Chuoni tulifundishwa kidogo sana kuhusu kupanga meno, na picha zote kwenye kitabu zilikuwa za watoto. Lakini mwalimu alisema wazi kwamba hata mtu mzima, kama fizi na mfupa ni vizima, meno yanasogea. Kwa nini nilimwambia uongo, mpaka leo sielewi vizuri. Labda kwa sababu hakuwa na maumivu, na mimi bila maumivu sikujua pa kuanzia.

Akanitazama usoni kwa muda. Macho yake yakashuka mpaka mdomoni mwangu.

"Na wewe je? Hilo lako lililopanda juu ya mwenzake, uliambiwa umechelewa?"

Nina chonge la juu kushoto lililompanda jirani yake. Nyumbani walisema ni urembo, shangazi zangu walikuwa nalo, na mimi nilikua nikijua hivyo. Miaka minne nimeinamia vinywa vya watu wa wilaya nzima na hakuna aliyewahi kulitaja. Nikasema hapana, sikuambiwa, sikuuliza. Akatikisa kichwa, akashuka kitini, akamshika mjukuu mkono, wakaondoka. Mchana nilipokwenda kunawa nilijikuta nimesimama mbele ya kioo nimeinua mdomo kwa kidole.

Alirudi baada ya wiki moja, peke yake. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia nilikosea, kwamba inawezekana, lakini mimi mwenyewe siwezi kumfanyia. Kuna daktari wa kupanga meno anayekuja Mbeya kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Ningemwandikia barua ya rufaa. Nikatoa fomu. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika sababu ya kumpeleka mgonjwa.

"Niandike ni kwa ajili ya kutafuna?"

"Kutafuna, ndiyo. Lakini andika na picha."

"Picha gani?"

Akanieleza kwamba mumewe alipofariki, miaka mitatu nyuma, walitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza wakapata moja nzuri sana, amevaa suti ya kuazima, anatabasamu. Watu waliipita wakisema, "Tazama alivyokuwa." Yeye usiku huo, katikati ya kilio, alijiuliza watamwekea ipi. Akaenda kufungua bahasha ya picha zake. Zote ama ameinama ama kiganja kiko mdomoni.

"Sasa nikifa watu waje waione ile? Watasema marehemu alikuwa anaumwa jino," akasema, akacheka, na mkono ukapanda wenyewe kuufunika mdomo.

Nikaacha fomu wazi. Kutafuna ningeweza kuandika. Picha ya msibani je, ni sababu ya kitabibu? Nikamwambia arudi baada ya siku chache, nitakuwa nimeikamilisha. Aliporudi kuchukua barua alikuwa na jambo jingine kabisa: kiongozi wa kwaya alikuwa amewapanga upya, na yeye alikuwa ametolewa mstari wa nyuma akawekwa wa mbele, karibu na kipaza sauti. Alilisema kana kwamba ndilo jambo alilokuwa akilisema tangu mwanzo. Nikamuuliza mbona kila akija sababu ni nyingine. Akashangaa kweli.

"Kwani wewe ukitaka kitu unakitaka kwa sababu moja?"

Nikavuta droo ilimokuwa fomu yake. Lakini barua sikumpa siku hiyo, kwa sababu jana yake jioni nilikuwa nimepigiwa simu.

Aliyepiga ni mwanaye wa kwanza, baba wa yule binti, anayefanya kazi Dar es Salaam. Namba yangu aliipata kwa binti, aliyeipiga picha kwenye kadi ya kliniki. Alikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Dokta, samahani kukusumbua. Shikamoo kama unanizidi. Nasikia mama yangu anakuja kwako."

"Marahaba. Ndiyo, anakuja."

"Nakuomba usimkubalie. Mama amekuwa mpweke tangu baba aondoke. Kuna mambo yanasemwa pale kijijini. Mtu wa umri ule kutaka kurembeka ghafla... unanielewa. Anaimba mbele kanisani. Watoto wangu wako pale. Watu wataona waya mdomoni mwa bibi yao watasema nini?"

Nikasema namwelewa. Niliendelea mbele zaidi ya hapo. Nikasema hata mimi nina mashaka. Nikasema tiba ni ndefu, inaweza kuzidi miaka miwili, nitazungumza naye taratibu. Akanishukuru sana, akaniita dada. Simu ilipokatika nilikaa nayo mkononi nikijaribu kujua kama nilikuwa nimemlinda mgonjwa wangu au nimemuuza.

Basi mama alipokuja kuchukua barua nilimwambia daktari wa Mbeya mwezi huu hakuja. Mwezi uliofuata alirudi, nikamwambia vilevile. Daktari alikuwa amekuja. Barua ilikuwa kwenye droo yangu, imeandikwa nusu, chini ya boksi la glavu. Nilijiambia nampa muda wa kubadili mawazo. Nilitaka lile jambo lijiishie lenyewe ili nisilazimike kujua lilikuwa nini.

Halikuisha. Wiki mbili baadaye alifika tena na mjukuu, na safari hii hakuufunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa amezungushia uso khanga yote. Aliposhusha khanga muuguzi alisema, "Mungu wangu." Mdomo wa juu ulikuwa umevimba mpaka puani. Kwenye meno ya mbele kulikuwa na vidude vinavyong'aa, vimebandikwa kwa gundi ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nini, na waya mwembamba umepitishwa katikati, ncha yake imechoma shavu kwa ndani. Kulikuwa na kijana kwenye saluni moja, mbali na hapo, aliyekuwa anawabandikia wasichana waya za urembo. Wasichana huvaa wiki mbili tatu za kupigia picha kisha huziondoa. Mama alikwenda akamwambia anataka za kweli. Kijana akasema hizi ni za kweli, akazikaza.

Nilimtoa kidude kimoja kimoja. Ilinichukua zaidi ya saa nzima, na wagonjwa wengine walikuwa nje wanagonga. Gundi iling'oka na vipande vidogo vya jino. Hakupiga kelele. Mjukuu ndiye aliyelia, amesimama kwenye kona na mkoba wa bibi kifuani.

Nilipomaliza kusafisha nikamuuliza, kwa sauti ya ukali ambayo sikuwa na haki nayo, "Nani alikuambia uende huko?"

"Hakuna. Wewe ulisema daktari hajaja."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anajibu swali. Ndiyo maana nilishindwa kuendelea na uongo.

"Alikuja, mama. Miezi yote miwili alikuja."

Muuguzi akachukua sinia la vyombo akatoka nalo, ingawa halikuwa limejaa. Mama akatema damu kwenye bakuli, akajifuta.

"Mwanangu alikupigia."

Nikaanza kukusanya pamba zilizotumika.

"Alikuambia nina bwana."

"Hakusema hivyo."

"Alisema kwa kuzunguka. Alinizungukia na mimi." Kisha, na ule mdomo uliovimba, akaanza kucheka, akawa anashika shavu kwa maumivu huku anacheka. "Ningekuwa na bwana, dakitali, ningehangaika na meno ya nini? Si angekuwa ameshayaona!"

Nikacheka na mimi, halafu machozi yakanitoka, na binti akatutazama wote wawili kama watu waliopotewa na akili. Nilimwomba radhi. Akaitikia, "Ndaga," neno la kwao la asante, na mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru kwa radhi au kwa kumtoa ile gundi. Siku hiyo hiyo niliimaliza barua. Kwenye sababu niliandika kwamba meno ya juu yametokeza na midomo haifungi. Ni kweli tupu, na nilipoisoma tena niliona haimhusu hata kidogo.

Tulisubiri fizi zipone. Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata nikaomba ruhusa kazini nikaenda naye Mbeya. Hakuniomba niende. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani.

Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa watoto wa shule na mama zao. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa anachagua rangi ya mipira midogo ya kwenye waya kana kwamba anachagua kitambaa cha sare ya harusi. Mama yake alitaka ya fedha isiyoonekana, yeye alitaka zambarau ionekane mpaka barabarani. Kila aliyekaa karibu nasi alituuliza tumemleta nani. Mama alijibu wote, "Nimejileta." Mwanamke mmoja alisogeza kiti akakaa mbali kidogo. Mwingine alimwinamia sikioni akamuuliza kama kweli watu wazima wanakubaliwa, akaanza kujipapasa meno kwa ulimi.

Daktari wa kupanga meno alikuwa kijana, mdogo kuliko hata mwana wa mama. Alimpima, akapiga picha za mionzi, akaziweka kwenye kioo cha kompyuta. Nilikuwa nasubiri aulize kwa nini. Hakuuliza. Alisema tu mfupa ni mzuri, inawezekana, itachukua miaka miwili au chini kidogo. Alisema pia kwamba ili ya mbele yarudi nyuma yanahitaji nafasi, hivyo itabidi kung'oa mawili ya juu, moja kila upande.

"Yaliyooza?" mama akauliza.

"Hayajaoza, mama. Ni mazima. Tunatafuta nafasi."

Akashuka kitini, akavaa viatu vyake, akatoka nje.

Nilimkuta getini amesimama karibu na mwanamke anayeuza karanga, hanunui. Nikasimama naye. Magari yalikuwa mengi ikabidi aseme kwa sauti.

"Mama yangu alikufa hana jino hata moja," akasema. "Mimi nimeyatunza yote. Nimeyatunza kwa mkaa, kwa vijiti, kwa mswaki. Leo nikayang'oe mazima?"

Nikasema si lazima. Nikasema anaweza kurudi nyumbani leo na hakuna atakayemuuliza. Nilisema kwa dhati, na moyoni nilitamani arudi na nilitamani asirudi.

"Nilipokuwa msichana waliniita jembe," akasema. "Shangazi yangu ndiye aliyeanza. Siku waliyokuja kuniposa shangazi alisema, haya, wamepata na jembe la kulimia. Watu walicheka mpaka posa ikataka kuharibika. Mume wangu na yeye akaliokota hilo jina. Miaka yote aliniita hivyo: jembe langu, njoo; jembe langu, chakula. Nikawa naitika. Nilikuwa napenda anavyoniita." Akasubiri lori lipite. "Sasa hayupo wa kuniita. Nikijitazama kwenye kioo naliona jembe limekaa tu."

Nikamwambia kama ni hilo, angelisema tangu siku ya kwanza, mimi ningemwelewa.

"Hata hilo sijui kama ndilo," akasema. "Nimelikumbuka sasa hivi kwa sababu umesimama hapo unanitazama kama hakimu."

Alirudi ndani mwenyewe. Mimi nilibaki getini dakika kadhaa na yule muuza karanga, ambaye alikuwa amesikia yote na akanipa karanga za bure.

Meno mawili nilimng'oa mimi, Tukuyu, kwa maelekezo ya barua ya Mbeya. Katika kazi yangu nimeng'oa meno yasiyohesabika, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kung'oa jino zima lisilo na kosa. Lilishika kama mzizi wa mwanzi. Alinishika kiuno cha koti akaniambia, mdomo umekufa ganzi, "Vuta, usinihurumie." Alitaka kuyaona. Aliyafunga kwenye kona ya khanga akaenda nayo.

Fedha alizitoa kwenye parachichi zake, na hilo halikuwa la kuulizwa na mtu. Akafungwa waya. Kila mwezi alikwenda Mbeya kukazwa, na akirudi alipitia kwangu nimwangalie, ingawa hakukuwa na sababu ya mimi kumwangalia. Wiki za kukazwa alikuwa anakula ndizi zilizopondwa na maziwa ya mtindi tu. Habari zake zilianza kunifikia kutoka kwa wagonjwa wengine, na kila mmoja alikuwa na yake. Mwanamke wa Suma aliniambia kwamba kuna bibi wa Kinyala alianguka kwenye ngazi akavunjika taya, amefungwa chuma. Mwalimu mmoja alisikia kwamba ni majaribio ya wazungu na analipwa. Mke wa mchungaji wao, aliyekuja kuziba gego, aliniambia kwa huruma kwamba hospitali ndiyo iliyomlazimisha yule mama, la sivyo meno yangedondoka yote. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema, "Mwenyewe."

Mama alipokuja nikamuuliza. Hakukana.

"Kila mtu nimempa anayoweza kuibeba," akasema. Nikajiuliza mimi alinipa ipi.

Krismasi mwanaye alikuja kutoka Dar. Siku hizo sikulala vizuri, nikingoja simu. Haikuja. Baadaye binti, aliyekuwa amezoea kupita ofisini kwangu akitoka shule, alinisimulia. Baba yake aliingia, akamwamkia mama yake, akaona, hakusema neno. Siku mbili akawa anaongea na kila mtu isipokuwa yeye. Siku ya tatu wakiwa wanakula akamuuliza, "Zinauma?" Bibi akasema, "Kidogo." Akamsogezea bakuli la mchuzi alainishie ndizi. Binti alisema hakuna kingine kilichotokea, na mimi nilimlazimisha arudie mara mbili, nikidhani amesahau kitu.

Ilipofika mwezi wa kumi na nne tangu afungwe waya, mama aliingia kwangu akasema anataka zitolewe.

Nikamtazama. Meno yalikuwa yamerudi ndani sana, ila si kabisa. Upande wa kulia nafasi haijajifunga. Daktari alikuwa amesema ibaki miezi kama sita. Nikamweleza. Nilimweleza kwa kuchora, kwa kioo, kwa vidole. Nikamwambia ukiacha hapa yatarudi, meno yana kumbukumbu, yanapenda kwao.

"Yamefika," akasema.

"Hayajafika, mama. Bado."

"Mimi yamenifikia."

Na kweli midomo yake ilikuwa inafungwa. Ilikuwa imekutana, imetulia, kidevu kiko laini. Kwa kuwa sikuwahi kuuona uso wake umetulia, nilikuwa kama namtazama mtu mwingine, mkali kidogo, asiyecheka ovyo. Sikuwa na hakika kama nampenda huyo kama yule wa mwanzo, na nikaona aibu kwa kuwaza hivyo, kwa sababu uso ni wake.

"Basi angalau tupige ile picha," nikamwambia, kutafuta la kusema. "Ile ya kuweka."

"Picha ipi?"

"Uliyoniambia. Ya msibani."

Akafikiri kwa bidii, akitazama dirishani. "Nilisema hivyo?"

Nikamwambia alisema. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za jirani. Akasema huenda, wakati ule alikuwa na mawazo mengi.

Mbeya daktari alibisha, akamsainisha karatasi kwamba ameacha kwa hiari yake, akazitoa. Akampa na plastiki ya kuvaa usiku ya kuyazuia meno yasisogee. Mimi nilimsisitizia ile plastiki kama mtu anayesisitiza dawa ya kifua kikuu. Akaitikia ndiyo kwa kila sentensi, na nikajua maana ya ndiyo hizo.

Tangu hapo wameshanijia kina mama wengine wa umri wake: wawili wa Kinyala na mmoja wa Masukulu. Mmoja ana mwanya mzuri ambao kwetu Tabora ungetungiwa sifa, na anataka uzibwe. Mwingine hakutaka chochote ila kuambiwa kama yake yanafaa, akaambiwa yanafaa, akaondoka amefurahi. Nawaandikia rufaa wanaotaka. Kwenye lile swali la sababu bado nakaa na kalamu hewani muda mrefu kuliko inavyopaswa, kisha naandika yale ninayoyaona kwa macho.

Mama mwenyewe nilikutana naye mwezi uliopita sokoni Tukuyu, asubuhi ya ukungu. Alikuwa ameshusha mikungu ya ndizi kutoka kwenye pikipiki na amegombana na mwendeshaji kwa sababu mmoja umechubuka. Aliponiona aliacha ugomvi akaniita nimshikie upande wa pili wa mkungu tuupeleke kwenye meza yake. Tukaubeba. Njiani alinieleza jinsi fuko walivyommalizia viazi vyake mwaka huu, tuta kwa tuta, na jinsi mjukuu alivyohamia bweni na nyumba imekuwa kubwa. Nikamuuliza kama anavaa ile plastiki. Akasema anaivaa. Kisha akasema anaivaa Jumapili.

"Plastiki ya usiku unaivaa Jumapili?"

Akacheka, kichwa kimetupwa nyuma, mikono yote miwili imeshika mkungu. Nilinyoosha shingo kutazama kama meno yameanza kurudi, ila ukungu ulikuwa mzito na yeye alikuwa anatembea kinyumenyume haraka, akiwaambia watu wapishe. Tulipotua mzigo mteja alikuwa ameshafika anauliza bei, na yeye akamgeukia.

Nikanunua chane moja, nikaenda kazini.